Kukata Uzi Bila Kisu: Historia ya Leza Baada ya Upasuaji wa Presha ya Macho

Tuseme una mama mkubwa anayeishi Ubena Zomozi, pale kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Amefanyiwa upasuaji wa presha ya macho Dar. Operesheni imekwenda salama, bandeji imetolewa, amerudi nyumbani. Lakini kwenye kadi yake kumeandikwa tarehe ya kurudi, na ni wiki ijayo tu. Anakuuliza, na swali lake ni la haki kabisa: "Mwanangu, si nimeshapasuliwa? Nauli yote hiyo narudi kufanya nini?"

Jibu lipo kwenye uzi mmoja mweusi, mwembamba kuliko unywele, na mwale wa mwanga unaoweza kuukata bila mtu kushika kisu. Makala hii inaeleza jibu hilo lilivyopatikana. Ni safari ndefu kidogo: tutapita Glasgow, Berlin, Calabar, California na Cambridge, kisha tutarudi kwetu, Kongwa na Moshi. Twende taratibu.

Kwanza, presha ya macho ni nini?

Watu wengi wakisikia "presha" wanafikiria ile ya damu. Hii ni nyingine. Ndani ya jicho, nyuma ya irisi (ile sehemu yenye rangi), kuna tishu inayotengeneza maji masafi muda wote. Maji hayo yanalisha lenzi na konea, halafu yanatoka kupitia chujio dogo lililopo kwenye pembe ambapo konea na irisi zinakutana. Kutoka hapo yanaingia kwenye mfereji mdogo uitwao mfereji wa Schlemm na kurudi kwenye damu.

Fikiria simtanki nyumbani: bomba linaingiza, bomba linatoa. Bomba la kutolea likiziba, maji yanajaa. Jicho haliwezi kumwagika kama simtanki, kwa hiyo presha inapanda. Kwa kawaida presha ya jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikizidi uwezo wa jicho husika, inaumiza neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva hiyo ina nyuzinyuzi takribani milioni moja, na zikifa hazioti tena.

Ugonjwa huu unaitwa glakoma, na ubaya wake ni ukimya. Aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu haiumi. Inaanza kula uoni wa pembeni, na ubongo unaziba mapengo hayo bila kukuambia. Mtu anakuja kushtuka anapojikwaa kwenye mlango au kutomwona bodaboda anayetokea ubavuni. Hapo neva imeshakwenda, na hakuna dawa, upasuaji wala leza inayorudisha kilichopotea. Matibabu yote utakayoyasoma hapa chini yana kazi moja: kulinda kilichobaki.

Kabla ya leza: kidole, maharage na shimo

Mwaka 1830 daktari wa Glasgow, William Mackenzie, aliandika kwamba jicho lenye glakoma ni gumu ukilibonyeza. Leo inaonekana jambo dogo, lakini kabla ya hapo ugonjwa huu ulichanganywa sana na mtoto wa jicho. Ugumu ulimaanisha presha, na presha kinadharia inaweza kupunguzwa.

Aliyeipunguza kwa kisu ni Albrecht von Graefe wa Berlin. Mwaka 1857 alieleza jinsi kukata kipande cha irisi kulivyookoa macho ya baadhi ya wagonjwa. Ilikuwa hatua kubwa, ila ilisaidia zaidi wale ambao pembe ya jicho lao imejifunga ghafla. Wale ambao pembe iko wazi lakini chujio halipitishi maji, hawakupata nafuu ya maana.

Dawa ya matone ya kwanza ilitoka Afrika. Kule Calabar, Nigeria ya leo, kulikuwa na maharage ya sumu yaliyotumika kuapisha washukiwa: ukinywa ukatapika, huna hatia, ukifa, ulikuwa mchawi. Wanakemia wa Ulaya walitoa ndani yake kemikali iitwayo fisostigimini. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur, daktari wa macho wa Strasbourg, alitangaza kwamba matone yake yanashusha presha ya jicho. Laqueur hakuwa mtazamaji tu, naye alikuwa mgonjwa wa glakoma.

Upande wa upasuaji, wazo likawa kutoboa njia mpya. Kama bomba la zamani limeziba, chonga lingine. Mwaka 1909 Robert Henry Elliot, akifanya kazi Madras nchini India, alianza kutoboa shimo la duara ukutani mwa jicho kwa kifaa kama keekee ndogo. Maji yalitoka kweli. Tatizo ni kwamba shimo lilikuwa wazi moja kwa moja, halina breki. Jicho lingeweza kunywea kama mpira uliotoboka, na vijidudu vilipata pa kuingilia.

Mlango wa Cairns

Breki ilipatikana Cambridge. Mwaka 1968 John Cairns alichapisha njia mpya aliyoiita trabekulektomi. Badala ya kutoboa ukuta mzima, unaanza kwa kuchana tabaka la juu la weupe wa jicho upate kifuniko kidogo, kama mlango wenye bawaba. Chini ya mlango huo unakata kipande cha chujio. Kisha unaufunga mlango na kuushona. Maji yanajipenyeza taratibu pembeni mwa mlango na kukusanyika chini ya ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, yakitengeneza kilengelenge kidogo kinachofichwa na kope la juu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba Cairns hakukusudia hivyo. Aliamini maji yangeingia kwenye ncha zilizokatwa za mfereji wa Schlemm, yaani yafuate njia ya asili. Baadaye ilionekana kwamba macho yanayopona vizuri mengi ni yale yenye kilengelenge, yanayovuja chini ya mlango. Hoja ilikuwa na kasoro, lakini operesheni ilikuwa sahihi! Hadi leo, zaidi ya nusu karne baadaye, trabekulektomi bado ni upasuaji mkuu wa glakoma sehemu nyingi za dunia, na Afrika Mashariki ikiwemo.

Sasa hapa ndipo uzi unapoingia. Mlango ukishonwa kwa kulegea, siku za kwanza maji yanatoka mno na jicho linanywea. Ukishonwa kwa kukaza, presha haishuki. Na kuna adui mwingine: mwili wenyewe. Mwili hauelewi kwamba kidonda hiki tunataka kibaki wazi kidogo. Unakimbilia kukiziba kwa kovu, kama unavyofanya kwa kidonda chochote. Kwa watu wenye asili ya Afrika, makovu haya yamekuwa sababu kubwa ya upasuaji kushindwa. Ndiyo maana madaktari walianza kuazima dawa za saratani, fluorourasili na mitomisini, na kuzipaka kwa kiasi kidogo mahali pa operesheni ili kupunguza kasi ya kovu. Hapa jirani, mwaka 2001 David Yorston na Peng Khaw walichapisha matokeo ya kupima dawa ya kwanza kati ya hizo kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, kazi iliyofanyika Kikuyu, Kenya.

Lakini swali la uzi lilibaki. Daktari anawezaje kushona kwa kukaza leo, kisha kulegeza wiki ijayo, bila kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji?

Mwanga unaochoma

Wazo la kutibu jicho kwa mwanga ni la zamani kuliko leza. Mwaka 1945 kulitokea kupatwa kwa jua Ulaya, na watu waliolitazama bila kinga waliungua retina. Daktari kijana wa Ujerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, aliyaona majeraha hayo akajiuliza: kama jua linaweza kuchoma retina kwa bahati mbaya, kwa nini mimi nisiichome kwa makusudi, pale panapohitaji kugandishwa tu? Alianza kwa kuelekeza mwanga wa jua kwenye macho ya wagonjwa kwa vioo. Ukija wingu, kliniki imesimama. Baadaye, miaka ya 1950, alishirikiana na kampuni ya Zeiss kutengeneza mashine ya taa ya zenoni.

Tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani huko Malibu, California, akitumia fuwele ya rubi. Madaktari wa macho walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuikimbilia, na sababu iko wazi: jicho ni kiungo ambacho mwanga unaingia ndani yake bila kupasua chochote. Mwaka 1968, mwaka uleule wa Cairns, Francis L'Esperance wa New York alianza kutumia leza ya agoni kwa wagonjwa. Mwanga wake wa bluu na kijani unapita kwenye vitu vinavyopitisha mwanga kama konea, lakini unamezwa na vitu vyenye rangi.

Shika hilo la rangi, kwa sababu ndiyo siri ya yote yanayofuata.

Uzi mweusi chini ya ngozi angavu

Uzi unaotumika kushona mlango wa Cairns ni wa nailoni nyeusi, mwembamba kiasi kwamba ungehitaji kama nyuzi tatu kwa pamoja ndipo ufikie unene wa unywele. Juu yake kuna ile ngozi laini, ambayo karibu inapitisha mwanga wote. Unaona inakoelekea? Ukipiga leza ya agoni, mwanga unaipita ngozi bila kuidhuru, unafika kwenye uzi mweusi, uzi unaumeza, unapata joto na kukatika. Juu hakuna kidonda.

Mwaka 1983 Marc Lieberman aliripoti kukata uzi kwa leza namna hii, na mwaka 1984 Hoskins na Migliazzo wakaeleza jinsi ya kuokoa malengelenge yanayoelekea kushindwa. Lenzi ndogo yenye jina la Hoskins bado inatumika. Inaminya ngozi mpaka damu inasogea pembeni na uzi unaonekana vizuri. Kuisogeza damu si urembo. Damu nayo ina rangi, kwa hiyo ikikaa juu ya uzi itaumeza mwanga badala yake, na ngozi inaweza kutoboka.

Kazi yenyewe ni fupi. Mgonjwa anatiwa matone ya ganzi, anakaa kwenye mashine ileile ya kupimia macho, kidevu kwenye kishikizo. Mapigo machache, kila moja sehemu ndogo ya sekunde. Daktari hukata uzi mmoja tu kwa wakati, anapima presha na kutazama lengelenge. Ikitosha, anaacha. Isipotosha, mgonjwa anarudi siku nyingine kukatwa wa pili. Kwa maneno mengine, upasuaji wa glakoma unamaliziwa kwenye kiti, siku kadhaa baada ya kutoka chumba cha upasuaji.

Na hapa ndipo tarehe kwenye kadi ya mama mkubwa inapopata maana. Ukikata uzi mapema mno, jicho linanywea. Ukichelewa, kovu limeshaugandisha mlango, na kukata uzi hakufungui kitu. Kwa kawaida muda wenye faida ni wiki chache za mwanzo. Dawa kama mitomisini ikitumika, muda huo unarefuka. Akija mwezi wa tatu akisema "nilikuwa nasubiri tuvune", daktari anaweza kukuta presha imepanda tena na nafasi rahisi imepita.

Baada ya hapo njia zinabaki, ila ni nzito zaidi: kuchokoa kovu kwa sindano, kurudia upasuaji, au kutumia leza ya aina nyingine inayopunguza maji yanayotengenezwa. Hii ya mwisho inapigwa kupitia weupe wa jicho kulenga ile tishu inayotoa maji. Beckman na wenzake waliijaribu mwaka 1972 kwa leza ya rubi, na sasa hutumika leza ndogo ya dayodi. Hata kabla ya mtu kupasuliwa imewahi kujaribiwa kama tiba ya kwanza, mfano Ghana, katika utafiti wa Peter Egbert na wenzake uliochapishwa 2001. Ukirudi kwenye mfano wa simtanki: ukishindwa kuzibua bomba la kutolea, unapunguza koki ya kuingizia.

Je, tunaweza kuanza na leza badala ya kisu?

Swali hili lina historia yenye vituko. Mwaka 1974 Gaasterland na Kupfer walipiga leza ya agoni kwa nguvu kwenye chujio la macho ya nyani ili kuwasababishia glakoma, wapate namna ya kuuchunguza ugonjwa. Walifanikiwa: presha ilipanda. Miaka mitano baadaye, 1979, James Wise na Stanton Witter walichapisha kinyume chake. Ukipiga nukta chache, ndogo, zilizopangwa kuzunguka chujio, presha inashuka. Kifaa ni kilekile na mahali ni palepale. Tofauti ni kipimo.

Tatizo la agoni ni kwamba inaacha makovu kwenye chujio, hivyo si rahisi kuirudia. Mwaka 1995 Mark Latina na mwenzake Park walionyesha njia laini zaidi. Walitumia mapigo mafupi mno, yanayopimwa kwa nanosekunde. Chembe zenye rangi kwenye chujio zinameza nishati, lakini pigo linakwisha kabla joto halijasambaa kwa jirani. Zile chembe zinaitikia, chujio linafanya kazi vizuri zaidi, na makovu hayapo. Njia hii, trabekuloplasti teule kwa leza, iliruhusiwa Marekani mwaka 2001. Mwaka 2019 utafiti wa Uingereza uliowahusisha wagonjwa 718 ulionyesha kwamba kuanza na leza hii badala ya matone kunafaa: takribani robo tatu ya waliopigwa leza walikuwa hawahitaji matone baada ya miaka 3.

Uingereza, sawa. Kwetu je?

Kongwa na Moshi

Kwanza ukubwa wa tatizo. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanyika Kongwa, Dodoma. Watafiti walipima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea. Waliokutwa na glakoma ya aina yoyote walikuwa asilimia 4.16, yaani takribani watu 4 katika kila 100. Wenye ugonjwa walipopewa nafasi ya kupasuliwa, chini ya nusu walikubali. Usiharakishe kuwalaumu. Unamwambia mtu asiyesikia maumivu, anayeona bado, akubali kukatwa jicho ambalo baada ya operesheni halitaona vizuri zaidi. Huyo anahitaji maelezo kwanza, si amri.

Ndiyo maana jaribio la Moshi ni muhimu. Kati ya Agosti 2015 na Mei 2017, katika hospitali ya KCMC, watafiti wakiongozwa na Heiko Philippin, akiwemo Einoti Matayan, waliandikisha wagonjwa 201 wenye presha inayozidi 21. Nusu walipangiwa kwa bahati nasibu matone ya timololi, nusu leza ya Latina. Baada ya mwaka mmoja, matibabu yalifanikiwa kwenye asilimia 31 ya macho ya kundi la matone na asilimia 61 ya macho ya kundi la leza. Matokeo yalichapishwa 2021 kwenye jarida la Lancet Global Health.

Soma namba hizo pande zote mbili. Leza ilifanikiwa karibu mara mbili ya matone, na matone ndiyo tiba ambayo wengi wetu tunapewa, ya kununua na kudondosha kila siku maisha yote. Lakini pia karibu macho 4 kati ya 10 ya kundi la leza hayakufikia lengo, hata kama waliruhusiwa kurudia mara moja. Hao bado watahitaji kitu kingine, na wengi wao mlango wa Cairns. Leza haijafuta kisu.

Na jambo moja la kiufundi ambalo watu huchanganya: leza si mashine moja. Ile ya mapigo ya nanosekunde inayotibu chujio haikati uzi, na ile ya dayodi ya kupunguza maji ni kifaa kingine tena. Hospitali inaweza kuwa na mojawapo na kukosa nyingine. Mahali pasipo na leza ya kukatia uzi, madaktari wanaweza kutumia fundo maalumu linalofyatuka, ambalo ncha yake inaachwa ili uzi uvutwe kwa koleo ndogo. Haihitaji umeme wala mashine ghali. Ila na yenyewe inadai kitu kilekile: mgonjwa arudi.

Kwa hiyo tumwambie nini mama mkubwa?

Tumwambie ukweli, kwa lugha yake. Kwamba daktari amemshonea kwa kukaza makusudi ili jicho lisinywee, na kwamba kurudi wiki ijayo si kukaguliwa tu. Ni sehemu ya pili ya operesheni. Kwamba nauli ya kwenda Dar mara tatu au nne ndani ya mwezi ni gharama ya matibabu, na familia ichangishane mapema, kabla ya siku ya kupasuliwa, kama inavyochangishana kwa harusi. Nadhani hata hospitali zingefanya vizuri kuuliza "utarudije?" pale pale mgonjwa anaposaini fomu.

Na wewe unayesoma, kama mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja ana glakoma, hatari yako iko juu kuliko ya watu wengine. Ukishafika miaka 40, usisubiri kuona vibaya. Nenda kapimwe presha ya jicho na uombe neva yako iangaliwe pia, kwa sababu presha ya kawaida peke yake haitoshi kukuondolea wasiwasi. Ukiwa kule, muulize daktari swali moja la ziada: "Hapa mna leza ya aina gani, na ikishindikana, mnanipeleka wapi?"